Ukuta wa Hajja Tafida

Benchi la Ami Bishay ni la matofali, limesuguliwa na makalio ya watu mpaka limekuwa laini kama sabuni, nalo linatazamana uso kwa uso na nyumba ya Hajja Tafida, hatua kumi tu za vumbi katikati. Wenye benchi ni watatu. Injinia, ambaye uhandisi wake wote ni kufungua pampu za maji mashambani na kubakiwa na nati mbili mkononi. Kuwait, aliyeendesha lori huko Kuwait enzi za ujana wake na hajarudi mpaka leo, kilichorudi ni mwili tu. Na Profesa, aliyewabebea ndoo za mchanga wazungu wanaochimba makaburi ya kale, basi akaona na yeye amesoma. Ami Bishay hana jina la utani kwa sababu ndiye mwenye kahawa, na mwenye kahawa hataniwi. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, kijijini kwao ng'ambo ya Luxor, wote wanne walikuwa wamekaza shingo kutazama juu, maana mbele ya ukuta wa Hajja Tafida, kwenye ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili, alisimama Rawya binti wa marehemu fundi Abul-Wafa, brashi mkononi, na kitoto chake Nadra kimelala chini kivulini ndani ya beseni.

Rawya alikuwa anaogopa. Alianza kuogopa tangu alfajiri, kabla hata hajakoroga rangi, na si kwa sababu ya ubao kuyumba, ubao ameuzoea. Kazi yenyewe ni ya kila mwaka: mtu akienda Makka, anaporudi lazima akute ukuta wake umeshachorwa safari yake yote, na Hajja Tafida alikuwa Makka, meli yake inafika bandarini Safaga kesho. Kilichomtia hofu ni simu. Binamu yake aliweka mtandaoni picha ya ukuta aliouchora mwaka jana, picha ikatembea, ikatembea, mpaka ikamfikia mama mmoja wa Kairo mwenye ukumbi wa maonyesho, Madam Jilan, na Madam akapiga simu mwenyewe akasema: nitakuwa Luxor Alhamisi, nitapita adhuhuri nione mkono wako, nikiupenda ukuta nakuchukua mwaka mzima, unachora kwenu nyumbani kwenye turubai, mimi nauza, nisipoupenda, basi, tumefahamiana. Na asipoupenda kuna kitu kimoja tu kinachomsubiri Rawya, karakana ya mawe kule barabarani, kusugua paka wa mawe wa kuuzia watalii kutwa nzima, vumbi jeupe mpaka kooni, na mtoto haruhusiwi kuingia. Mwenye karakana anataka jibu leo jioni. Mumewe Mahrous, anayefua mashuka ya hoteli kule Hurghada pwani, alipopigiwa simu alisema fanya unavyoona, na hilo ndilo neno ambalo Rawya hakutaka kulisikia, kwa sababu hakuwa anaona kitu.

Baba yake alimfundisha kuanza na Alkaaba, kisha chombo cha safari, kisha simba wa kulinda mlango, na katikati kabisa kuacha nafasi nyeupe, kimo cha mtu aliyeketi. Hiyo ni ya mwenye hija mwenyewe. Uso unachorwa mwisho, alikuwa akisema, mkono ukishapata moto. Sasa ilibaki nafasi hiyo tu, na Rawya alikuwa ameshachovya brashi.

— Simama hapo hapo, Mama Nadra, usiguse! — Injinia alipaza sauti, kikombe hewani. — Huyo Madam wako anakuja saa ngapi?

— Kasema adhuhuri, Ami.

— Na utamwonyesha meli hiyo?

Rawya akaitazama meli yake. Ilikuwa meli nzuri, ya buluu, mabegi yamerundikwa juu, watu wanapunga leso.

— Ina nini, Ami?

— Haina injini!

— Injini ya meli iko ndani, wewe, — Profesa akadakia. — Ulitaka ining'inie nje kama kiwele cha mbuzi?

— Nyamaza, Profesa, hapa tunaongelea ufundi. Msanii anayefika mbali ni yule anayechora kitu kikafanya kazi. Mimi nikitazama meli nataka ninuse moshi. Weka bomba la moshi, mwanangu. Weka mawili, moja likiziba.

Kuwait akacheka kwa dharau, akajipangusa masharubu.

— Moshi, moshi! Tatizo si moshi, tatizo ni meli. Tajiri gani anapanda meli? Chora ndege.

— Lakini Hajja kaenda kwa meli, Ami Kuwait.

— Kwani Hajja ndiye anayenunua? Anayenunua ni Madam. Madam gani umemwona kwenye meli ya Safaga, kakalia begi lake, anatapikia mfukoni? Nisikilize mimi niliyetembea. Huko Kuwait alikuwepo mchoraji mmoja, Msyria, hajui kuchora hata paka. Siku moja akamchorea shehe mmoja kipanga wake wa kuwindia. Basi! Leo nyumba yake ina lifti.

— Ghorofa ngapi? — Injinia akauliza.

— Moja.

— Sasa lifti ya kwenda wapi?

— Ya kwenda juu ikarudi. Una wivu, wewe.

Rawya akacheka, hakuweza kujizuia, lakini mkono wake haukucheka. Hawa ni wazee waliomwona baba yake akifanya kazi. Kuwait amefika nchi za watu. Yeye mbali yake ni hospitali ya Luxor alikojifungulia. Akijifanya anajua na Madam akageuza gari, atamwambia nini Nadra? Akachora mabomba mawili ya moshi. Kisha akachora ndege juu ya meli, kubwa, yenye kipanga mkiani, na bawa lake moja likashuka likaingia kwenye ile nafasi nyeupe, kidogo tu, kona.

— Afadhali, — Kuwait akasema. — Sasa unafanana na mtu mwenye pasipoti.

— Mmemharibia, — Profesa akasema polepole, kwa sauti ile aliyoitoa kwa wazungu wake. — Ninyi hamwajui wazungu.

— Madam ni wa Kairo, si mzungu.

— Na wanaonunua kwake ni akina nani? Wajomba zako? Ni wazungu, na mzungu mimi nimemsoma. Nimeshika ndoo misimu kumi na mitatu. Tukitoa chungu kizima, hageuki. Tukitoa shanga, anaandika kidogo. Siku tulipotoa mamba, mamba mkavu, kafa tangu enzi za Firauni, wamelia! Wamekumbatiana! Mwanamke mmoja kambusu mamba kwenye taya. Mama Nadra, weka mamba.

— Mamba kwenye ukuta wa hija? — Ami Bishay akatoa kichwa jikoni. — Mimi Mkristo, lakini hata mimi naona haya.

— Tunamweka majini, chini ya meli. Mamba kuwa majini kuna dhambi gani?

— Bahari ya Shamu haina mamba, — Injinia akasema.

— Kuanzia leo inaye.

— Nitamweka mdogo, Ami, — Rawya akasema haraka, na ile "nitamweka" ilimtoka kabla hajaifikiria, kama zilivyomtoka zote za asubuhi hiyo.

— Mdogo wa nini? Mdogo ni mjusi! Mzungu hatoki kwao kuja kulilia mjusi. Mkia uufikishe huku, katikati, uonekane ukiwa mbali.

Akaufikisha. Mamba alitoka vizuri, hilo ndilo lililomuudhi, mkono wake haukujua kuchora kibaya, na mamba akawa na magamba na tabasamu, na mkia wake ukazunguka ukaula upande wa chini wa ile nafasi nyeupe.

Nadra akaamka akalia. Rawya akashuka, akajifunika shela, akamnyonyesha akiwa amewapa mgongo wale wa benchini, na akiwa pale aliukumbuka mlango wa karakana, wanawake wanatoka jioni nyusi nyeupe kama vikongwe, mmoja wao kasoma naye darasa moja, anakohoa. Akahesabu vidole vya mguu wa mtoto kama kwamba vingeweza kupungua. Nyuma yake benchi halikupumzika.

— Ukweli ni kwamba, — Kuwait alikuwa anasema, — huyu binti tatizo lake ana afya. Msanii mwenye afya hapandi bei. Mama Nadra! Madam akifika kohoa kidogo.

— Nikohoe, Ami?

— Kwenye leso, kidogo tu. Halafu ifiche leso haraka, aone unaificha.

— Kukohoa hakutoshi, — Profesa akasema. — Wachoraji wakubwa wote bei zao zimepanda walipokufa.

— Baba yake kafa, — Ami Bishay akasema akimimina kahawa. — Kilichopanda ni nini? Chokaa.

Fundi Abul-Wafa alichora kijiji kizima, na alipokufa nusu ya kuta zake zilikuwa zimeshapakwa rangi mpya na wenye nyumba, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

— Basi asife, — Injinia akasema kwa upole, kama anayempunguzia mtu adhabu. — Ajifiche. Msanii asiyepatikana ndiye anayetafutwa. Madam akiuliza, tunamwambia hayupo, kaitwa Aswan kumchorea mheshimiwa.

— Lakini nitakuwa hapa juu ya pipa, Ami. Ataniona.

— Utageukia ukutani.

— Na mtoto?

— Mtoto tutasema ni wa Bishay.

— Mimi nina miaka sabini! — Ami Bishay akafoka.

— Ndiyo hapo Madam atakaposhangaa, asahau kuuliza mengine!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu ya Kuwait. Rawya alimlaza Nadra, akapanda tena. Jua lilikuwa limeshauma ukingo wa paa. Adhuhuri si mbali.

— Ngoja! — Injinia akasimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. — Jamani, tumekaa hapa kama mabubu na hatukuona. Jina liko wapi?

— Jina la Hajja lile pale juu, Ami, na "hija iliyokubaliwa na dhambi iliyosamehewa", nimeandika yote.

— Jina lako! Jina lako na namba ya simu! Madam akipiga picha, Kairo nzima itakupataje?

— Baba alikuwa anaandika dogo, chini pembeni.

— Na baba yako Kairo alifika?

Rawya akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

— Kubwa, — Kuwait akasema. — Kama bango la matairi.

— Na kwa herufi za kizungu, — Profesa akaongeza. — Nitakusomea mimi.

— Wapi sasa? Pamejaa.

Wote wanne wakautazama ukuta. Kulikuwa na Alkaaba na kitambaa chake cheusi, meli ya mabomba mawili, ndege ya kipanga, simba wawili, mamba mmoja mwenye furaha, na kati ya bawa na mkia kilibaki kipande cheupe, ukubwa wa sinia la mkate.

— Hapo, — benchi likasema kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Rawya alijua nafasi ile ni ya nani. Alijua kama anavyojua jina la mwanawe. Lakini akajiambia Hajja anafika kesho, leo ni leo, Madam akishaondoka nitapaka chokaa, nitafuta simu, nitapunguza mkia, nitamweka Hajja wangu jioni kukiwa na ubaridi, hakuna atakayejua, na huku anajiambia hayo brashi ilikuwa imeshaanza, herufi moja kisha nyingine, Profesa akimtajia kutoka chini kwa kujiamini, kisha tarakimu kumi na moja, nyekundu, nene. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja ambayo ubao hauna, akajishika.

Hapo ndipo vigelegele vilipoanza kutokea upande wa msikiti.

— Madam huyo! — Injinia akasema.

— Madam gani anapigiwa vigelegele? — Ami Bishay akasema, na uso wake ukabadilika. — Ee Mama Mtakatifu. Ni Hajja.

Meli ilikuwa imewahi kwa siku moja. Basi dogo likakunja kona, masanduku yamefungwa kamba juu ya paa, wanawake wanakimbia pembeni yake na watoto nyuma yake, na kabla halijasimama vizuri mlango ukafunguliwa na akashuka Hajja Tafida, mdogo, mweupe pe kwa nguo, miwani puani, dumu la maji ya Zamzam kifuani kama amebeba mjukuu. Watu wakamkimbilia kumshika mikono. Hakuwapa. Alikuwa anautazama ukuta.

— Hija njema, Hajja! — Kuwait akapaza sauti. — Umeiona ndege yako?

Hajja akasogea. Akapita mbele ya Alkaaba, akaigusa kwa ncha ya vidole, midomo ikicheza. Akapita kwenye meli, akatabasamu, akahesabu mabegi kama anayetafuta lake. Akafika kwa simba. Akafika kwa mamba, akasimama naye kidogo kwa adabu. Kisha akaanza upya kutoka mwanzo, polepole, na vigelegele vikafifia kimoja kimoja.

— Na mimi, — akauliza, — niko wapi?

Benchi lilitazama ndani ya vikombe vyake.

— Jina lako lile pale juu, Hajja, — Injinia akajitahidi. — Kubwa kabisa.

— Sijui kusoma, mwanangu. Niko wapi?

— Hajja, hii ni ya kisasa, — Profesa akaanza, — huko kwa wenzetu...

— Miaka yote nimefuga bata kwa ajili ya safari hii, — Hajja akasema, wala hakumwambia Profesa, aliuambia ukuta. — Kule Mina, kwenye mahema ya mahujaji, nimelala na wanawake wa Minya, wa Sohag, nimewaambia wote, mimi nikirudi nitajikuta nimekaa ukutani kwangu kabla sijakaa kitandani. Fundi Abul-Wafa alimchora mume wangu. Hata jirani yangu yule mbaya alimchora. Mimi niko wapi, Rawya?

Kuwait akajipangusa masharubu. Injinia hakuwa na nati ya kugeuza. Hofu ya Rawya ilimpanda mpaka masikioni, akasikia gari jingine linakunja kona, gari la mjini, lisilopiga kelele, akajua bila kugeuka ni la nani. Akainama. Akachukua ndoo ya chokaa badala ya rangi, akachovya brashi pana, na pigo la kwanza likapita juu ya tarakimu zake zote.

— Wewe! — Profesa akashika kichwa. — Simu! Unafuta simu!

Pigo la pili likafuta herufi. La tatu likakata bawa. La nne likamwondolea mamba mkia mpaka kiunoni, na akaonekana kashangaa kuliko watu wote.

Madam Jilan alishuka na miwani yake ya jua na viatu vilivyojuta papo hapo. Kuwait akamwahi, mkono kifuani:

— Karibu Madam, karibu, umetukuta kwenye marekebisho kidogo, ya kiufundi...

— Rawya ni nani? Ni wewe? Ukuta umekamilika?

— Bado, Madam. Mwenyewe ndiyo kwanza amefika. Kaa hapo benchini, unisubiri.

— Nina treni ya...

— Unisubiri, — Rawya akasema. — Hajja, njoo huku kwenye mwanga. Ami Bishay, mpe Hajja kigoda. Na vua miwani, Hajja, nikuone.

Injinia alifumba macho kama mtu aliyesikia pampu ikipasuka. Madam akautazama ukuta, akamtazama kikongwe anayeketi juu ya kigoda katikati ya njia na dumu lake, akatazama saa, kisha akaenda akaketi kati ya Kuwait na Profesa, waliobanana kumpisha mpaka Injinia akabaki na nusu tako nje. Akaomba kahawa. Ami Bishay akainua birika, akalitikisa, akalipindua.

— Imekwisha, Madam. Hawa wameimaliza.

Basi wakakaa hivyo hivyo, wanne bila kahawa, na chokaa ikakauka kwa jua lile, na Rawya akaanza: paji la uso, ushungi, macho mawili yenye usingizi wa safari. Mkono ulikuwa umepata moto. Hajja alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akashindwa, akanyoosha kidole ukutani.

— Pua yangu si kubwa hivyo.

— Mpunguzie, Mama Nadra, — Injinia akanong'ona kwa nguvu, akimwonyesha Madam kwa nyusi. — Mpunguzie, kwa hisani yako, leo si siku ya ubishi.

Rawya akamtazama Hajja, akautazama ukuta, akamtazama Hajja tena, bila haraka.

— Ni kubwa hivyo hivyo, Hajja. Tulia.

Hajja Tafida akatulia.